Deni la Kalamu Nyekundu

"My mother he sell fish."

Sentensi hii imo kwenye daftari la mtoto wa miaka 13 aliyemaliza darasa la saba na sasa anahudhuria masomo ya kujiandaa na kidato cha kwanza, yale ambayo mabango ya mtaani huyaita "pre-form one". Aliyeisahihisha ni mwalimu wa zamu ya asubuhi. Neno "he" limezungushiwa duara jekundu, "sell" limepigiwa mstari, na pembeni limeandikwa neno moja lenye alama ya mshangao: "Grammar!" Mimi hushika zamu ya jioni, nikitoka chuoni ninakosomea shahada ya uzamili ya isimu, na kazi niliyopewa ni marudio: nomino, kitenzi, kivumishi, kiima, umoja na wingi, wakati uliopo, wakati uliopita. Ni mambo ya mwanzo kabisa ya Kiingereza, yanayorudiwa kila mwaka kwa watoto ambao Januari watafundishwa biolojia, historia na hesabu kwa lugha hiyo.

Nimeitazama sentensi hiyo muda mrefu, pengine kuliko inavyostahili, kwa sababu kila kilichotiwa wino pale kina sababu yake.

Chukua hilo "he". Mtoto wa Kiswahili husema "mama yangu anauza samaki". Hata kama mama ameshatajwa, ile "a-" haina budi kurudi mbele ya kitenzi. Ukiiondoa, sentensi inavunjika mgongo. Mtoto ameitafuta "a-" yake kwenye Kiingereza, na kitu kilichofanana nayo ni "he". Kwa nini asiandike "she", na huyu ni mama? Kwa sababu Kiswahili hakijawahi kumuuliza swali hilo. Yeye ni yeye. Miaka 13 amemtaja mama yake kila siku bila lugha kumdai atangaze kwanza kama ni mwanamke. (Wazungumzaji wa Kiingereza nao siku hizi wanahangaika kutafuta neno la nafsi ya tatu lisilotaja jinsi, na wanagombana juu yake. Sisi tunalo, tumelirithi, na tunamzungushia mtoto duara kwa kulitumia.)

Halafu "sell" bila "s". Kiswahili hutaja mtendaji mwanzoni mwa kitenzi: anauza, wanauza, tunauza. Kiingereza humtaja mkiani, tena kwa nafsi moja tu na katika wakati uliopo tu. I sell, you sell, we sell, they sell; kisha ghafla, she sells. Ukiuliza kwa nini, jibu ni historia: zamani vitenzi vya Kiingereza vilikuwa na miisho ya nafsi nyingine pia, ikapukutika kama majani, likabaki jani hilo moja. Mtoto aliyeacha "s" amefanya kile ambacho lugha yenyewe imekuwa ikifanya kwa karne nyingi. Ametangulia kidogo tu.

Na hakuandika "fishes". Aliandika "fish", kama inavyotakiwa. Hapo hapakuwekwa alama yoyote ya vema.

Mwaka 1967 mwanaisimu Mwingereza Pit Corder alichapisha makala iliyobadilisha namna wengi wanavyoyatazama makosa ya wanaojifunza lugha. Alitofautisha kuteleza, kama mtu aliyechoka anavyoteleza ulimi, na kukosea kwa mpango, ambako kunaonyesha kwamba mwanafunzi ana kanuni kichwani na anaifuata kwa uaminifu. Kukosea kwa namna ya pili ni ushahidi wa akili inayofanya kazi. Tuliisoma makala hiyo kwenye semina ya muhula wa kwanza, tukakubaliana nayo wote, na nadhani tulikubaliana nayo kwa urahisi kupita kiasi, maana inaacha swali ambalo si la isimu. Sawa, kosa ni ushahidi wa akili. Lakini je, ni kosa?

Kwa Kiswahili swali hili lina makali yake. "Kosa" ni neno la daftari na la mahakama pia. Kuna makosa ya tahajia na kuna makosa ya jinai, na mtu huomba radhi kwa kusema "nimekukosea". Upande mwingine "kukosa" ni kupungukiwa: nimekosa nauli, nimekosa usingizi. Shuleni maana hizi zinakutana. Mtoto akirudi nyumbani na daftari huulizwa, "Umepata ngapi? Umekosa ngapi?" Kwa hiyo alama nyekundu juu ya "sell" inaweza kusomwa kwa njia mbili. Inaweza kusema: hapa umepungukiwa na kitu, nami ninacho, ngoja nikupe. Au inaweza kusema: hapa umemkosea mtu. Wino ni uleule, na mtoto huachiwa aamue mwenyewe. Nimeona jinsi wanavyoamua. Wengi huamua kwamba wamemkosea mtu, ingawa hawajui ni nani, na adhabu wanayojipa ni kunyamaza.

Wanyamazao hawa si mabubu. Nje, wakati wa mapumziko, wanasimulia mechi ya jana dakika kwa dakika, wanabishana kuhusu nani alimgusa nani kwenye eneo la hatari, wanapanga hoja na kuzivunja. Kengele ikilia wanaingia ndani na akili zao zinabaki mlangoni kama kandambili msikitini.

Sasa linganisha na mgeni. Mzungu akishuka Kariakoo na kusema "mimi napenda nyumba kizuri", tunampigia makofi. "Anajua Kiswahili huyu!" Ngeli ameichana vipande viwili na hakuna anayemzungushia duara. Tunachosikia ni juhudi, nia na heshima aliyotufanyia. Mtoto wetu anafanya juhudi ileile kwenda upande wa pili, kwa lazima zaidi na kwa umri mdogo zaidi, na tunachosikia ni upungufu. Sisemi tumkaripie mgeni. Najiuliza tu ile subira tunayompa tunaitoa wapi, na kwa nini huwa imekwisha tukifika kwa wa nyumbani.

Jibu la haraka ni kwamba mgeni hana mtihani. Nitarudi kwenye mtihani, kwa sababu ni hoja nzito. Kwanza nataka kuuliza habari ya anayeshika kalamu. Ana haki gani?

Anaposahihisha, mwalimu husimama kama msemaji wa sheria. Hasemi "mimi ningependa uandike hivi". Husema "ndivyo sarufi inavyotaka". Sarufi inapewa nia, kama mzee wa ukoo. Lakini tukiyafuata nyuma yale maneno ninayoyarudia kila jioni, tunakuta watu, na watu hao walikuwa wakibahatisha kama sisi. Orodha ya aina nane za maneno imetoka kwenye kitabu kidogo cha Kigiriki kinachonasibishwa na Dionysius Thrax wa karne ya 2 kabla ya Kristo. Moja ya aina zake ilikuwa vile vineno vinavyotangulia nomino, jamii ya "the" ya Kiingereza, ambavyo Wagiriki waliviita kiungo, kama kiungo cha mwili, goti au kiwiko. Warumi walipoichukua orodha hiyo waliona tatizo: Kilatini hakina vineno hivyo. Wangeweza kusema lugha yetu ina aina saba. Badala yake waliviondoa, wakakipa kihisishi nafasi ya kujitegemea, wakapata tena nane. Ah! Lo! Ole wangu! Yamepandishwa daraja hesabu itimie.

Orodha hiyo iliyoshonwa kwa mwili wa Kigiriki na kubanwa kwa mwili wa Kilatini ikaja kuvikwa Kiingereza, kisha ikavikwa Kiswahili, na sote tumeikariri shule ya msingi: nomino, kiwakilishi, kivumishi, kitenzi, kielezi, kiunganishi, kihusishi, kihisishi. Siilaumu. Nguo ya mtumba hustiri. Ila anayevaa mtumba hatakiwi kumcheka mwenzake kwamba nguo haijamkaa.

Halafu wakaja watunga kanuni za Kiingereza chenyewe. Mwaka 1762 Robert Lowth, kasisi wa Kianglikana aliyekuja kuwa Askofu wa London, alichapisha kitabu kifupi cha sarufi ya Kiingereza. Mwaka 1795 Lindley Murray, mwanasheria Mmarekani aliyekuwa amehamia karibu na York, aliandika chake kwa ombi la walimu wa shule ya wasichana iliyokuwa hapo jirani, akachota mengi kutoka kwa Lowth. Kitabu cha Murray kilisambaa kwenye shule za nchi zote mbili kwa miongo mingi. Kinachonivutia kwa Lowth ni kwamba sehemu kubwa ya mifano yake ya makosa imo kwenye tanbihi chini ya kurasa, na wakosaji waliotajwa humo ni Shakespeare, Milton, Swift, na hata wafasiri wa Biblia ya Kiingereza. Mtu anaweza kumwona Lowth mwenye kiburi, na kweli baadhi ya kanuni zake ni mapendeleo tu. Lakini kalamu yake ilielekea juu. Ilimwambia mkubwa: wewe pia unaulizwa.

Ya kwetu huelekea chini tu. Mkuu wa kituo akibandika tangazo lenye "s" iliyopotea, hakuna anayelizungushia duara. Barua ikija kutoka ofisini ikiwa na sentensi isiyo na kitenzi, tunaitekeleza. Kanuni inayowabana wadogo peke yao, hata ikiwa ni kanuni nzuri, imeshakuwa kitu kingine.

Mwenzangu mmoja wa darasa la uzamili, mtu mwenye moyo kuliko mimi, amefikia hitimisho lake: asisahihishe kabisa. Anafundisha kituo kingine, upande wa Mbagala, na madaftari ya watoto wake hayana hata doa jekundu. Anasoma wazo, anajibu wazo, basi. Hoja yake ina ukoo unaoheshimika. Mwaka 1974 chama cha walimu wa uandishi wa vyuo nchini Marekani kilipitisha azimio la kutetea haki ya wanafunzi kwa lugha yao wenyewe, kikikataa dai kwamba lahaja moja ndiyo sahihi na nyingine ni uharibifu. Azimio hilo liliwalenga hasa watoto ambao Kiingereza cha nyumbani kwao kilidharauliwa shuleni, wakiwemo Wamarekani weusi. Mwenzangu huyu hulitaja kila tunapokaa kula chipsi mayai, na husema: kama mtoto wa Chicago ana haki ya Kiingereza chake, wa Mbagala je?

Nimebishana naye mwaka mzima, na hoja yangu nimeiazima kwa Mmarekani mweusi, Lisa Delpit. Mwaka 1988 aliandika makala kuhusu walimu wenye nia njema wanaokataa kuwafundisha watoto wa maskini kanuni za lugha ya wenye mamlaka, kwa kuogopa kuwaonea. Kwa maoni yake, kanuni hizo zipo na zinafungua na kufunga milango. Aliyezaliwa ndani huzinyonya kwa maziwa ya mama, wa nje asipofundishwa wazi hazijui. Kumnyima kwa jina la kumheshimu ni kumwacha nje kwa upole. Delpit hakusema tuidharau lugha ya nyumbani kwa mtoto. Alisema tumwambie ukweli: mlango huu una kufuli, funguo yake ni hii, na kufuli hili waliliweka watu.

Mtoto wangu wa "my mother he sell fish" atakutana na kufuli hilo kidato cha pili, kwenye upimaji wa kitaifa, kisha kidato cha nne. Msahihishaji wa mtihani hatamjua mama yake. Hatajua kwamba mama huyo hufika Feri kabla ya alfajiri na kwamba ada ya kituo inatoka kwenye ndoo ya dagaa. Ikiwa mimi najua "s" inakwenda wapi, nikanyamaza kwa sababu nimesoma Corder, nitakuwa nimemtendea vema nani? Labda nafsi yangu.

Na kufuli kweli liliwekwa na watu, tena hapa kwetu kumbukumbu ipo. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia sekondari kuanzia Januari 1985. Haikuwa hivyo. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wa Tanzania na kukuta kwamba wengi wa sekondari hawana kiasi cha kutosha kujifunzia masomo mengine. Wakapendekeza Kiingereza kiendelee, ila kipewe msaada. Ukisoma matokeo yao na pendekezo lao, unajiuliza kama viliandikwa na watu walewale. Sera ya Elimu ya mwaka 2014 ilizitaja lugha zote mbili. Shule ya sekondari ya serikali iliyo karibu nawe, nenda kaangalie kitabu cha biolojia kimeandikwa kwa lugha gani.

Kwa hiyo nasahihisha, lakini hoja ya mtihani hainitoshi, na hapa ndipo mwenzangu hunishika. Ananiuliza: kama lengo ni mtihani, hayo marudio ya istilahi ni ya nini? Mtoto anahitaji "sells"; hahitaji kujua kwamba hiyo ni nafsi ya tatu umoja. Na utafiti uko upande wake. Mwaka 1963 ripoti ya Braddock na wenzake nchini Marekani, iliyopitia tafiti za uandishi, ilihitimisha kwamba kufundisha sarufi rasmi hakuinui uandishi, na kunaweza hata kuudhuru kwa kula muda wa kuandika. Mwaka 1976 Elley na wenzake wakachapisha matokeo ya kuwafuatilia wanafunzi wa sekondari wa New Zealand kwa miaka mitatu: waliosomeshwa sarufi na wasiosomeshwa hawakutofautiana kwa lolote la maana katika uandishi wao. Hao walikuwa watoto wanaoongea Kiingereza nyumbani, na mtoto wa Mbagala hayuko kwenye hali yao. Hata hivyo, ningekuwa mwongo nikidai kwamba kukariri "kitenzi ni neno linaloonyesha tendo" kumemfanya yeyote aandike barua nzuri.

Nikabaki na swali lililo gumu kuliko yote kwangu. Istilahi ni za nini? Kwa nini nimfundishe mtoto kuiita kiima kiima?

Jibu ninaloliamini sasa nilianza kuliona kwenye Kiswahili. Tuna vitenzi vitatu juu ya kikombe kimoja. Juma amevunja kikombe. Kikombe kimevunjwa. Kikombe kimevunjika. Sentensi ya kwanza ina mtu. Ya pili imemficha mtu, lakini inakubali kwamba yupo. "-W-" ni kama viatu mlangoni, unajua kuna mgeni ndani. Ya tatu imemfuta kabisa: kikombe kimejivunjikia chenyewe, kwa uchovu wa kuwa kikombe. Kila mtoto wa Kiswahili anazitumia zote tatu kwa ustadi wa wakili. Muulize aliyekuwa jikoni peke yake na kikombe, hatajibu "kimevunjwa". Atasema "kimevunjika". Anajua alichofanya. Asichokuwa nacho ni jina la alichofanya, na bila jina hawezi kukishika mtu mwingine akimfanyia.

Na atafanyiwa. Fedha za kikundi "zimepotea". Umeme "umekatika". Majina "yamechelewa kutoka". Faili "halionekani". Mtu mzima wa nchi hii husikia kauli ya kutendeka kutoka dirishani mara nyingi kuliko anavyosikia jina lake. Aliyefundishwa istilahi kama chujio la kumpima atasikia sentensi hizo na kukaa kwenye benchi kusubiri. Aliyefundishwa istilahi kama maswali anacho cha kuuliza: kiima hapa ni nani? Kitenzi hiki kina mtendaji au hakina? Ni wakati gani huu, uliopita au timilifu, yaani jambo limekwisha au bado lina mkono ndani ya leo? Ni swali la sarufi, na halihitaji ujasiri mkubwa, maana kila mtu alilisoma darasa la tano.

Kiingereza kina njia zake za kuficha, na hazilingani na zetu. "The cup was broken" inaweza kuwa "kilivunjwa" au "kilikuwa kimevunjika". Msomaji hana pa kujua. "The cup broke" ni kikombe chenye hiari. Mtoto anayejua majina ya sehemu hizi katika lugha mbili huona kwamba Kiingereza hakimzidi Kiswahili chake kwa usahihi, na pengine Kiswahili kinazidi. Nimeona nyuso zikibadilika walipogundua hilo. Si uzalendo. Ni kama mtu aliyekuwa akidhani ana deni, akaonyeshwa daftari la duka na kukuta na yeye anadai.

Hapa ndipo naona deni la anayesahihisha. Kila ninapotia wino, nadaiwa maelezo: kanuni ni ipi, imetoka wapi, ni ya nani, na je, nitakubali uitumie juu ya maandishi yangu. Nikishindwa kulipa hayo manne, alama yangu ni nguvu tu. "Grammar!" pembeni mwa ukurasa haijalipa hata moja. Sahihi, kwa Kiswahili, ni iliyo kweli, na pia ni jina unaloandika chini ya hati kuonyesha kwamba unaisimamia. Anayesahihisha anapaswa kuweza kuweka sahihi.

Malipo haya yana gharama. Yanakula muda. Kituo kina ratiba, wazazi wanataka kuona kurasa zimejaa, na mkuu wa kituo ameshaniuliza mara mbili kwa nini bado niko kwenye kauli ya kutendwa wakati darasa la pili limefika vihusishi. Sina jibu linaloingia kwenye ratiba. Yapo majioni nimeacha kipindi kiende kwa kukaririsha kama kila mtu, kwa sababu kulikuwa na joto, umeme ulikuwa umekatika (tazama hapo juu), na watoto walikuwa wamechoka.

Wiki mbili zilizopita msichana mmoja alileta fomu ya kujiunga na shule aliyopangiwa, kurasa kadhaa za maelekezo kwa Kiingereza, kuanzia rangi ya soksi hadi idadi ya mafagio. Tukaitumia kwa zoezi la kugeuza sentensi kutoka kauli ya kutendwa kwenda kauli ya kutenda. Fomu za namna hii ni shamba la kauli ya kutendwa; karibu kila mstari una kitu kinachotakiwa, kinachokatazwa, kitakachochukuliwa. Tulienda vizuri hadi tukafika kwenye kanuni moja fupi: "Swahili is not allowed at school."

Ili kuigeuza inabidi upate kiima. Nani haruhusu?

"The headmaster," alisema mmoja. Mwingine akakataa: mkuu wa shule ni mwajiriwa tu. "The government." Mvulana wa nyuma akasema ni Waingereza, akazomewa, akajitetea kwamba ndio wenye lugha. Mwenye fomu akauliza kwa Kiswahili, "Ticha, na kama hatumjui?" Nikamwambia Kiingereza kina neno la mtu asiyejulikana, "somebody", na linahesabiwa umoja. Akaanza kuliandika, akasita. Msichana aliyekaa pembeni yake, ambaye huongea kwa nadra, akasema, "Ni wazazi wetu. Ndio wanaotafuta shule yenye hiyo sheria." Darasa likatulia kidogo. Kisha mmoja akauliza, akitaka tu kumaliza zoezi, kama "parents" inachukua "s" kwenye kitenzi au la, na nusu ya darasa wakamjibu kwa pamoja kwamba haichukui, ni wingi.

Sikuwachagulia. Niliwaambia majibu yote yanakubalika kisarufi, kila mtu aandike analoamini. Niliyachukua madaftari nyumbani, nikakuta viima sita tofauti. Pale "s" ilipokosekana niliiweka, na pembeni nikaandika kwa nini. Viima sikuvigusa.